Kupiga picha katika Milima ya Udzungwa: naomba ushauri

Mwenye swali, Lindi Mjini
Ndugu zangu, sisi tumezoea kupiga picha za mashua na machweo ya hapa pwani, na sasa tunakusudia kwenda Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa pamoja na mwongozaji, ili tuwapige picha mbega wekundu wa Iringa na maporomoko ya Sanje. Je, tubebe vifaa gani?

Mpigapicha, Mtwara
Punguzeni mizigo, kwani Udzungwa hutembelewa kwa miguu na njia ni za kupanda. Mtapita Dar es Salaam, Morogoro na Mikumi hadi Mang'ula, penye lango la hifadhi. Mbega hukaa juu mitini, na anga jeupe nyuma yao huwafanya watoke weusi tii pichani. Kwa hiyo ongezeni mwangaza kwenye kamera hadi manyoya mekundu ya utosini yaonekane. Flashi iacheni kabisa, huwasumbua wanyama.

Mdau, Masasi
Naongezea kuhusu Sanje, ambako maji huanguka takriban mita 170. Bebeni stendi nyepesi na kitambaa kikavu, maana manyunyu hujaa kwenye lenzi upesi. Mwombeni pia mwongozaji awatafutie kima aitwaye mangabei wa Sanje, aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1979 na ambaye haishi kwingine duniani ila katika milima hiyo. Huyo hutafuta chakula chini, akipekua majani makavu kwa vidole, nanyi mtampata vizuri mkichuchumaa kimya.