Je, viti maalum ni daraja la kumfikisha mwanamke kwenye kata na jimbo, au vimegeuka uzio wa kumzuia?

Binti wa Kilombero ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni diwani wa viti maalum, yaani nafasi zilizotengewa wanawake, katika halmashauri mojawapo ya Mkoa wa Morogoro, na hiki ni kipindi changu cha pili. Mwezi uliopita, katika kikao cha ndani cha chama changu, nilitangaza nia ya kuomba kugombea kata katika uchaguzi ujao. Tulikuwa tumekaa darasani kwenye shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa mbao. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisimama, akavua kofia, akasema kwa upole kabisa: "Mama, wewe una kiti chako. Kata mwachie mwenzio." Ukumbi mzima ukapiga makofi, na kati ya waliopiga makofi walikuwamo wanawake niliohangaika nao miaka yote hii kutafuta maji.

Maneno yale hayajanitoka. Kisima cha kitongoji chetu nimekifuatilia tangu upimaji hadi pampu kufungwa, lakini katika Kamati ya Maendeleo ya Kata mimi ni mjumbe tu, na mwenyekiti ni diwani aliyechaguliwa na kata. Nikisema jambo, linasubiri ridhaa yake. Ninaomba wenye ujuzi wanisaidie mambo mawili. Wanawake waliotutangulia bungeni waliingiaje kabla ya viti hivi kuwapo? Na je, utaratibu huu unatupeleka mbele au unatuweka pembeni?

Mzee wa Njoro amejibu:

Mwanangu, nimestaafu ualimu, na swali lako limenikumbusha mama yangu, aliyekuwa akiificha kadi yake ya TANU kwenye pindo la kanga ili baba asiione. Akina mama wa namna hiyo ndio waliobeba chama, na aliyewakusanya ni Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa Dar es Salaam aliyekuwa na elimu ya darasa la nne na jina kubwa katika vikundi vya ngoma. Alitumia mitandao ya ngoma hizo kuandikisha maelfu ya wanawake katika muda mfupi, wakati wanaume wengi waliosoma walikuwa bado wanahofia vibarua vyao serikalini. Aliingia bungeni akiwakilisha Rufiji, na UWT, umoja wa wanawake, ilipoundwa mwaka 1962 akawa mwenyekiti wake wa kwanza.

Huku kwetu Moshi alikuwapo Lucy Lameck, aliyesomea uuguzi kisha akaenda chuo cha Ruskin kule Oxford. Aliingia kwenye Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1960, na baadaye akawa mwanamke wa kwanza nchini kushika wadhifa wa kiwaziri. Tazama tofauti ya wanawake hawa wawili, mmoja ametoka ngomani na mwingine chuoni ng'ambo, lakini wote walikuwa na watu nyuma yao kabla ya kuwa na kiti.

Hata hivyo sitaki kukudanganya kwamba njia ilikuwa nyepesi. Mwaka 1965 Bibi Titi alikipoteza kiti cha Rufiji, mwanamke ambaye jina lake lilikuwa likitajwa pamoja na la Mwalimu katika kupigania uhuru. Ikiwa yeye aliweza kuangushwa baada ya kazi yote ile, utaona kwa nini miaka ya baadaye ilionekana lazima wanawake watengewe nafasi.

Wakili wa Dodoma amejibu:

Mheshimiwa Diwani, Mzee wangu shikamoo. Naomba nieleze mfumo wenyewe unavyofanya kazi, kwa sababu naamini jibu la swali la pili limo humo.

Mwaka 1985 wanawake walitengewa viti 15 bungeni. Kuanzia hapo kiwango kilipanda hatua kwa hatua: asilimia 15 mwaka 1995, asilimia 20 mwaka 2000, na asilimia 30 mwaka 2005, ambayo ndiyo imo katika ibara ya 66 ya Katiba hadi leo. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2015, na tena baada ya ule wa 2020, viti hivyo vilikuwa 113. Bila hivyo Bunge letu lingekuwa la wanaume karibu watupu, na sitakubaliana na yeyote anayetaka vifutwe kesho asubuhi bila kuwekwa kitu kingine mahali pake.

Tatizo liko kwenye mlango wa kuingilia. Kwa ibara ya 78, chama kilichopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge hugawiwa viti kwa uwiano wa kura zake, na majina hutoka kwenye orodha ambayo chama chenyewe kimeipanga. Mwananchi wa kawaida hapigi kura kumchagua mbunge wa viti maalum. Niliwahi kusaidia kuhesabu kura za maoni za viti hivyo, yaani kura za ndani ya chama za kupanga wagombea, katika chama kimoja, na kura zote za mkoa mzima zilienea katika ndoo moja ya plastiki. Wajumbe mia chache waliamua nani awasemee wanawake wa mkoa huo, na usiku wa kuamkia siku ile wagombea walikuwa wamezunguka nyumba za wageni walimolala wajumbe, kanga na bahasha za nauli mkononi. Mama mmoja, mkunga aliyeaminiwa na kata nzima, alipata kura nne. Nilizikunjua mwenyewe, na ninaziona mpaka leo.

Anayepata nafasi kwa njia hiyo hujua fika kwamba aliyempa ndiye anayeweza kumnyang'anya. Mwaka 2020 wanawake 19 waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalum kupitia CHADEMA, chama kikasema hakikuwateua na kikawafukuza uanachama, shauri likaenda mahakamani na wao wakaendelea kukaa bungeni. Mtu anaweza kuwa upande wowote katika mgogoro ule, lakini swali linabaki: katika mabishano yote hayo, mpiga kura mwanamke aliulizwa wapi?

Halafu kuna mambo ambayo hayaonekani kwenye hesabu ya asilimia. Waziri Mkuu, kwa ibara ya 51, lazima awe mbunge wa jimbo. Mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, unamhusu mbunge wa jimbo. Kwa hiyo mbunge wa viti maalum ana haki ya kusema na kupiga kura kama wenzake, lakini mkoani hurudi mikono mitupu, kisha watu humlinganisha na yule aliyejenga darasa. Ndivyo ilivyo kwako na kisima chako.

Ngazi ipo, siikatai. Anna Makinda aliingia bungeni mwaka 1975 akiwa kijana, mwaka 1995 akachaguliwa katika jimbo la Njombe Kusini, na mwaka 2010 akawa Spika wa kwanza mwanamke. Lakini miaka 20 kabla ya kushika jimbo ni mingi, na si kila mwanamke atavumiliwa na chama chake kwa muda huo.

Mkaazi wa Likoni amejibu:

Dada yangu wa Kilombero, nakuandikia kutoka Mombasa. Sisi tulichukua njia nyingine, na maneno aliyokuambia mzee huyo tunayasikia vilevile.

Bunge letu la uhuru la mwaka 1963 lilianza bila mwanamke hata mmoja. Grace Onyango, aliyekuwa meya wa Kisumu, alishinda kiti cha Kisumu mjini mwaka 1969 na kukishikilia hadi 1983. Mwaka 1997 Phoebe Asiyo alipeleka bungeni hoja ya kuwapa wanawake nafasi kisheria, ikaangushwa. Katiba ya 2010 ndiyo iliyotupatia Mwakilishi wa Wanawake katika kila kaunti, yaani viti 47, na hapa ndipo tunapotofautiana nanyi: anachaguliwa na wapiga kura wote, wanaume kwa wanawake, katika kaunti nzima. Anafanya kampeni katika eneo kubwa kuliko mbunge wa eneobunge lolote ndani ya kaunti hiyo. Akishinda, watu wanamjua. Mishi Mboko alikuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Mombasa tangu 2013, na mwaka 2017 akakichukua kiti cha Likoni. Gladys Wanga alipitia nafasi hiyohiyo Homa Bay kabla ya kuwa gavana mwaka 2022.

Hata hivyo Katiba hiyo inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili, na Bunge limeshindwa mara kadhaa kupitisha sheria ya kulitimiza sharti hilo. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kosa hilo, na halikuvunjwa.

Kuingia pia si mwisho wa safari. Agosti 2019 Zuleikha Hassan, Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, aliingia ukumbini akiwa amembeba mwanawe wa miezi mitano kwa kukosa mahali pa kumwacha, akaamriwa atoke. Wenzake walitoka pamoja naye. Nilikuwa nikinyonyesha wakati huo, na nililia nilipoiona picha ile.

Binti wa Kilombero ameandika tena:

Nawashukuru, na Mzee wangu wa Njoro, shikamoo. Nimeisoma habari ya zile kura nne za mkunga mara tatu. Jumamosi nitakwenda nyumbani kwa mzee aliyesema nina kiti changu, nimweleze uso kwa uso kwamba kiti hicho ningependa akirithi mkunga wa aina hiyo, nami niombe kata kwa watu wenyewe. Wakili, naomba ushauri mmoja zaidi: fomu ya kura za maoni ya kata nikiichukua, je, chama kinaweza kuniondoa mapema kwenye orodha ya viti maalum kabla matokeo ya kata hayajatoka?