Kihisi cha joto na unyevu wa hewa kifungwe wapi nje ya nyumba?

Swali

Ndugu zangu, ninakusudia kufunga nje ya nyumba kihisi kinachopima joto na unyevu wa hewa, ili niweke kumbukumbu za kila siku. Nimekijaribu ukutani chini ya upenu: alfajiri vipimo vyake hukaribiana na vya kituo cha hali ya hewa kilicho jirani, lakini alasiri joto hupanda kupita la kituo na unyevu hushuka mno. Je, ninunue kihisi bora zaidi, au tatizo ni mahali? Na je, nikizibe ndani ya kiboksi kisichopenya maji ili mvua isikiharibu?

Jibu la 1

Tatizo ni mahali, na hata kihisi cha bei kubwa kikipachikwa hapo hapo kitakupa kosa lile lile. Ukuta hufyonza joto la jua mchana kutwa, kisha huipasha hewa iliyo karibu nao, na hewa hiyo ndiyo unayoipima. Unyevu nao hushuka kwa sababu hiyo hiyo, kwani asilimia yake hulinganisha mvuke uliopo na kiwango cha juu kinachowezekana katika joto hilo: hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60, ikipashwa hadi nyuzi 25, itasomeka takriban asilimia 44, ingawa hakuna mvuke uliopotea. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hupendekeza kihisi kiwe mita 1.25 hadi 2 kutoka ardhini, juu ya majani mafupi, mbali na kuta, zege na lami. Juu ya paa usipafikirie kabisa.

Jibu la 2

Usikizibe, tafadhali. Vihisi vingi vya unyevu hutumia utando mwembamba unaonyonya mvuke na kuutoa, hivyo ukikifungia utapima hewa ya ndani ya kiboksi. Kinachohitajika ni kinga inayozuia jua na mvua huku ikipitisha upepo, kama vile visahani vyeupe vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kwa kuachiana nafasi, kwa kanuni ile ile ya kibanda cheupe cha mbao alichokibuni mhandisi Thomas Stevenson wa Uskoti katika karne ya 19. Siku ya jua kali isiyo na upepo hata kinga hiyo huzidiwa, ndiyo maana baadhi ya watu huongeza feni ndogo ya kuvuta hewa. Maungio ya waya yazibwe vizuri, ila silikoni yenye harufu ya siki isitumike karibu na utando, kwa kuwa mvuke wake huuharibu.

Muulizaji

Nashukuru sana. Hata hivyo, uwanja wangu ni mdogo na umezungukwa na kuta pande zote.

Jibu la 3

Basi simika nguzo pale panapopata upepo zaidi, andika umbali wake kutoka kila ukuta, na usiihamishe, kwa sababu kumbukumbu za mahali pamoja, hata penye kasoro inayojulikana, zinalinganishika mwaka hadi mwaka. Kabla ya kukifunga, kihakiki: kiweke kwa saa kadhaa ndani ya chombo kilichofunikwa kabisa, chenye chumvi ya mezani iliyoloweshwa ikawa kama uji mzito, bila kihisi kuigusa. Katika joto la kawaida la chumbani, unyevu humo hutulia karibu na asilimia 75, na tofauti utakayoiona ndiyo ya kusahihisha. Rudia jaribio hilo kila mwaka, maana vihisi vya unyevu hupoteza usahihi taratibu kadiri vinavyozeeka.