"Mzee" amegeuka "Mzcc": kosa ni mashine au fonti?

Fundi wa Kondele:
Wadau, nina kibanda cha kuchapa hapa Kondele, Kisumu. Juzi familia moja ilitaka programu ya mazishi yenye herufi "za kifahari kama za jarida la Vogue". Nikaweka fonti ya Bodoni. Kwenye kompyuta ilipendeza ajabu: nguzo nene, viunganishi vyembamba kama unywele. Nikatoa nakala 300 kwa mashine yangu ya tona, ambayo tuseme ukweli si kijana tena. Jina la marehemu kwenye jalada, safi. Ndani sasa, wasifu kwa saizi ya 9, kila "e" imepoteza kijiti cha katikati. "Mzee" amekuwa "Mzcc". Shangazi mmoja aliisogeza karatasi mbali hadi mkono ukaisha, kisha akaniuliza, "Kijana, wino uliisha?" Nimerudia kazi yote kwa hasara yangu.

Mchapaji Mstaafu, Nakuru:
Pole, mwanangu. Mashine imechangia, lakini mengi ni yako. Giambattista Bodoni alichapia watawala wa Parma, Italia: vitabu vikubwa, karatasi laini, nafasi tele pembeni. Ndipo unywele ule unapokaa. Hata Vogue huivaa Didot, ndugu yake wa Paris, kwenye jina la jaladani, kwa ukubwa wa kiganja. Na sisi tuliochapa kwa herufi za madini ya risasi tulijua jambo moja: kila saizi ilichongwa kivyake, na zile ndogo ziliachiwa mistari minene kidogo. Kompyuta yako imechukua mchoro wa herufi kubwa ikaupunguza tu, na unywele ukapungua nao.

Kadi Kakamega:
Mzee amemaliza. Tafuta Bodoni Moda, ni ya bure, na ina maumbo yaliyonenepeshwa kwa saizi ndogo. Mimi hutumia Playfair Display kwa majina ya maharusi peke yake, 30 kwenda juu. Mahali, saa na namba ya paybill naandika kwa Garamond. Na Bodoni usithubutu kuiweka nyeupe juu ya maruni. Wino hutambaa ukameza mistari yote.

Fundi wa Kondele:
Nimejaribu Bodoni Moda, umbo la saizi ndogo, kwa mashine ile ile. Vijiti vya "e" vimerudi, ingawa wasifu nitauacha kwa Garamond. Shangazi naye amepiga simu leo, anataka kadi za ayie ya bintiye, ile sherehe ya Wajaluo kabla ya harusi. Kwanza ameuliza kama nimenunua wino.