Heroe wa plastiki, taa au khanga? Mkutano wa karavani ni Ijumaa

MamaJuma_Ohio: Habari za humu wakuu. Tumejiunga na klabu ya karavani (trela za kulala kambini), mkutano wetu wa kwanza ni Ijumaa, na nasikia kila mtu hupamba. Niko dukani hivi sasa. Heroe wawili wa pinki wa plastiki, au taa za kutundika kwenye turubai la mlangoni? Nyumbani nina khanga pia. Nishaurini haraka.

FundiTrela: Dada, umeleta swali nusu. Karavani futi ngapi? Turubai la kukunja kwa mkono au kwa mota? Kambini mtachomeka umeme au ni betri?

MtotoWaNakuru: Heroe, usiulize mara mbili! Don Featherstone aliwabuni 1957 kule Massachusetts kwa ajili ya bustani za nyumba, siku hizi kambini ndiyo kwao. Klabuni kwetu wanaibwa usiku kwa utani. Niliamka nikakuta wangu yuko juu ya paa la jirani, amevishwa miwani ya jua na soksi shingoni.

Bi_Mkasi: Watu wazima mnaibiana korongo wa plastiki 😂

MtotoWaNakuru: Si korongo bi mkubwa, ni HEROE. Sisi wa Nakuru tunawajua.

Chuga_Boy: Mnawajua kwa kuwaangalia tu. Kutaga wanakuja Ziwa Natron, Tanzania.

MtotoWaNakuru: Tumeanza.

FundiTrela: Turudi kwenye taa. Mwaka juzi nilizifunga kwenye turubai kwa vibanio vya plastiki, nikavikaza hasa. Saa nane usiku upepo ukaja. Natoka na kaptula nikunje turubai, halikunjiki, maana waya umejiviringisha kwenye rola. Mke wangu ameshika tochi huku ananiambia "si nilikwambia". Kabla sijapata mkasi, mkono mmoja wa turubai ukapinda, ukapiga dirisha la jikoni. Fundi akataka dola 900. Taa zenyewe nilinunua dola 14. Ukizichukua, zifunge kwenye vijiti vya ardhini, turubai liache.

Mzee_wa_Airstream: Mnahangaika bure. Klabu yetu ya karavani za Airstream ipo tangu 1955, na pambo letu ni namba nyekundu tunazobandika kwenye karavani. Namba 1 ilikuwa ya Wally Byam mwenyewe, mwanzilishi wa Airstream. Ukiniona barabarani unajua ni mwenzako.

Bi_Mkasi: Mzee, kasema ana Airstream?

Chuga_Boy: Chochote, ila usitundike nanasi kichwa chini mlangoni.

MamaJuma_Ohio: Kwa nini tena? Ninalo la mbao zuri kweli!

Chuga_Boy: Muulize Baba Juma. Faragha. Huko ni ishara ya wanandoa wanaobadilishana wenza.

Bi_Mkasi: Astaghafirullah. Mwanangu, tandika khanga mezani, nyingine itundike mlangoni. Hao wenzio heroe wanao tayari. Khanga zako zimeandikwaje?

MamaJuma_Ohio: Moja "Mgeni njoo mwenyeji apone". Nyingine "Hasidi hana sababu".

Bi_Mkasi: Hiyo ya pili iache nyumbani, ndiyo kwanza unajiunga.

Chuga_Boy: Nani atasoma huko Ohio?

FundiTrela: Futi ngapi dada?

MamaJuma_Ohio: 19, turubai la kukunja kwa mkono. Umeme sijauliza. Baba Juma kacheka mpaka kakaa chini, nanasi nimelitoa. Hapa dukani wamebaki na heroe mmoja tu, tena hana mguu.

MtotoWaNakuru: Mchukue! Hata wa kweli husimama kwa mmoja.

Neema_Dallas: Samahani, natoka nje ya mada. Hiyo ya "Mgeni njoo" ni doti nzima? Unauza?