MJADALA: Hester Prynne aliusimamia ukweli, au aliufichia mji aibu yake?

Wakuu, nina ugomvi na wanaomwita Hester shujaa wa ukweli katika The Scarlet Letter, riwaya ya Nathaniel Hawthorne ya mwaka 1850. Kwa ambao hawajaisoma: tuko Boston ya Wapuritani, Waprotestanti wakali wa dini waliotoka Uingereza, miaka ya 1640. Hester, ambaye mumewe hajulikani aliko, kazaa nje ya ndoa. Anasimamishwa jukwaani mbele ya umati na kichanga mkononi, kifuani ana herufi A nyekundu (ya neno la Kiingereza la uzinzi, adultery) ya kuvaa maisha yake yote. Anayetumwa kumsihi amtaje baba wa mtoto ni mchungaji Dimmesdale, baba mwenyewe! Hester anagoma.

Wengi husema hapo aliushinda mji. Mimi naona aliupa ulichotaka: mdhambi wa kunyooshewa kidole na mtakatifu wa kusikilizwa Jumapili. Kisha mumewe akatokea kwa jina la Chillingworth, Hester akakubali kumficha naye, na mchungaji akaishi nyumba moja na adui yake bila kujua. Ukweli gani huo?

Mchangiaji wa kwanza: Unamwonea, mkuu. Massachusetts ya wakati ule, koloni lenye Boston, uzinzi adhabu yake ilikuwa kifo, na mwaka 1644 walinyongwa kweli mwanamke na mwanamume. Ulitaka amtaje mwenzake apelekwe kitanzini? Wao walimpa alama ya aibu, yeye akaidarizi kwa uzi wa dhahabu mpaka wanawake wenzake wakakasirika pale pale uwanjani. Wa kusema ni Dimmesdale. Mdomo anao, tena na mimbari anayo.

Mchangiaji wa pili: Mimbari aliitumia, ndiyo balaa lenyewe. Anawaambia waumini kwamba yeye ni mwovu kuliko waovu wote, nao wanazidi kumwheshimu: kama mtakatifu huyu anajiona hivyo, sisi je? Anajua fika watamwelewa vipi, na bado anarudia. Mimi huyo simsamehei.

Ila mleta mada, umeruka mwisho. Baada ya miaka saba Dimmesdale anapanda jukwaani mchana kweupe, anakiri, anafunua kifua, ambapo wengi walisema waliona A, anakufa. Na bado wapo waliokuwapo walioapa kwamba kifuani hapakuwa na kitu, na kwamba mchungaji alikuwa akitoa mfano tu, kwamba sote ni wadhambi. Kama walikataa kumsikia mwenyewe, wangemwamini Hester?

Mleta mada: Wangemwamini siku ile ya kwanza. Kijana aliyetoka kusihi huku sauti ikimtetemeka, angetajwa jina pale pale, uso ungemsaliti. Miaka saba ya mahubiri ndiyo iliyomjengea ukuta, na saruji aliitoa Hester. Tena mnijibu na hili: kama aliushinda mji, kwa nini baadaye alirudi Boston kutoka ng'ambo, akajivalisha ile A upya, wakati hapakuwa na hakimu wa kumlazimisha?