Programu gani nzuri ya kutambua spishi na kuweka sawa majina ya kisayansi?

nyasi_na_wadudu

Habari zenu wakuu. Nimekabidhiwa kazi ya kuweka sawa rekodi za mkusanyiko wa wadudu na mimea iliyokaushwa, kwa miaka mingi watu tofauti wamekuwa wanaingiza data kila mtu na staili yake, ss hivi kila kitu kiko kwenye spredishiti moja ndeeefu. Mmea mmoja unaukuta jina lake limeandikwa namna tatu nne, mara herufi imeruka, mara yupo mwanasayansi aliyeielezea spishi mara hayupo, mara wameandika jenasi tu halafu sp. (yaani spishi haijajulikana) wakaishia hapo. Na kuna picha kibao za porini hazina jina kabisa.

Naomba kujua, hizi apu za kutambua spishi kwa picha naweza kuziamini kiasi gani kama data inaenda kutumika kwenye utafiti? Na majina je, kuna programu ya kuyasahihisha kwa pamoja au ndo nikae na moja moja? Nafikiria pia niachane na spredishiti nihamie databesi moja kwa moja. Mwenye uzoefu anisaidie, nataka mtu atakayekuja baada yangu aikute data inaeleweka asianze upya.

lenzi_porini

Karibu mkuu. Mi kwa picha natumia iNaturalist na Pl@ntNet, kwa ndege Merlin maana inasikiliza hata sauti na ukishadaunlodi pakiti ya eneo unalokwenda inafanya kazi bila mtandao. Ila apu inachofanya ni kukuonyesha picha yako inafanana na spishi zipi kati ya zile ilizofundishwa, basi. Spishi ambayo haina picha za kutosha kwenye mafunzo yake haitajwi kabisa, utapewa ndugu yake wa karibu na wewe utaona limekaa sawa. Kwa ndege, vipepeo wakubwa na mimea yenye maua ya kipekee utafurahi. Kwa inzi wadogo, mende wadogo na nyasi usishuke chini ya familia au jenasi kwa picha peke yake, kuna makundi ya wadudu yanayotofautishwa kwa viungo vya uzazi vya dume tena chini ya hadubini, sasa hicho kitu kamera ya simu itakionaje.

Na mmea usipige ua tu. Piga jani juu na chini, onyesha majani yamepangika vipi kwenye tawi, tunda kama lipo, gome, halafu mmea mzima. Picha nyingi zinazokosa jina zinakosa kwa sababu hiyo.

Uzuri wa iNaturalist ni watu walioko nyuma yake. Rekodi ikiwa na tarehe, mahali, picha au sauti, na zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa utambuzi wakakubaliana kwenye spishi, inapanda daraja la utafiti, na ikiwa na leseni inayoruhusu inapelekwa mpaka GBIF, ile hazina ya kimataifa ya data za viumbe. Lkn watu wawili wanaweza kukubaliana na wote wamepotea, kwa hiyo kwenye data yako kuwe na safu ya nani katambua, lini, na kwa kuangalia nini. Jina lililotoka kwenye apu tu liandikwe hivyo hivyo kwamba limetoka kwenye apu.

Halafu angalizo, spishi zilizo hatarini koordineti zake zinafichwa makusudi, nukta inarushwa popote ndani ya mraba wa digrii 0.2 kwa 0.2. Ukidaunlodi bila kuangalia hiyo safu utachora ramani mimea iko mahali ambapo haijawahi kuota.

mzee_wa_lebo

Hapa kwenye majina siwezi kupita kimya. Kabla hujagusa chochote ndugu yangu tengeneza kopi ya faili, halafu ongeza safu. Jina kama lilivyo kwenye lebo linabaki na makosa yake yote. Jina lililonyooshwa tahajia linakaa safu ya pili. Jina linalokubalika leo linakaa ya tatu, pembeni yake chanzo ulikolitoa na tarehe uliyoangalia. Nimeona mikusanyiko ambayo mtu kafuta la zamani kaandika jipya juu yake, inauma sana, maana lile la zamani ndo ushahidi wa kile aliyekusanya alichoamini ameshika mkononi.

Chukua akasia. Mkutano wa wataalamu wa mimea wa Vienna wa 2005 uliamua jina Acacia libaki kwa lile kundi ambalo wengi wao wako Australia, na Melbourne 2011 uamuzi ukabaki pale pale. Hivyo Acacia senegal ikawa Senegalia senegal, Acacia tortilis ikawa Vachellia tortilis. Hapo ni rahisi, la zamani moja linaenda kwa jipya moja. Kazi ipo kwa spishi iliyogawanywa, yaani jina la zamani lilikuwa limebeba mimea miwili na programu haiwezi kujua cha kwako ni kipi mpaka mtu akakifungue kielelezo chenyewe akiangalie. Ukishafuta jina la kwenye lebo hata hilo swali hutajua kwamba lipo.

Sasa programu. Anza na OpenRefine, ni ya bure, inafunguka kwenye brauza lakini data inabaki kwenye kompyuta yako. Ina kitu cha kukusanya maandishi yanayofanana, zile namna tatu nne za jina moja inakuletea zote kwa pamoja unachagua iliyo sahihi, na kila hatua uliyofanya inaiweka kwenye historia, ukiharibu unarudi nyuma. Ukimaliza, peleka orodha kwenye zana ya GBIF ya kulinganisha majina, unaapulodi CSV yenye safu inayoitwa scientificName inakurudishia majibu kwa kila jina. Mimea hakikisha na POWO, orodha ya mimea ya dunia ya bustani ya Kew, viumbe wa baharini orodha yao ni WoRMS. Na usisahau kuweka safu ya himaya, kama ni mnyama au mmea. Kanuni za majina ya wanyama na za mimea zinajitegemea, Morus ni mforosadi na Morus hiyo hiyo ni jenasi ya ndege wa baharini, Oenanthe nayo hivyo hivyo iko pande zote mbili. Wadudu na mimea kwenye faili moja kama yako, usipoitaja himaya kuna siku ndege atakaa kwenye orodha ya miti.

Mabano pia usiyaondoe ukidhani ni uchafu. Simba ni Panthera leo (Linnaeus, 1758), yale mabano yanasema Linnaeus aliielezea chini ya jenasi nyingine, aliiita Felis leo. Kwenye mimea anaongezwa na aliyeihamisha, mfano Senegalia senegal (L.) Britton, hiyo L. ni Linnaeus.

Kitu cha mwisho na kagua leo leo: mtu akiandika Linnaeus, 1758 kwenye seli akaiburuta kushuka chini ili ijikopi, spredishiti inaweza kuhesabu, utapata 1759, 1760, 1761 mpaka karne hii. Panga safu ya waandishi, yaani walioelezea spishi, kwa alfabeti, ukiona mwandishi mmoja ana miaka inayofuatana kama ngazi, ndo hilo.

seva_mizizi

Nakubaliana na mzee wa lebo yote, naongeza kwenye databesi. Usihamie sasa hivi. Specify ipo, Symbiota ipo, TaxonWorks ipo, zote za bure na zimetengenezwa kwa kazi hii hasa, lakini zinataka seva na mtu wa kuitunza miaka na miaka, na data chafu ukiihamisha inabaki chafu ila imekuwa ngumu zaidi kuifikia. Safisha kwanza. Cha muhimu ipange kwa Darwin Core, kiwango cha kimataifa cha kupanga data za viumbe, kuanzia leo, majina ya safu yawe yale yale: scientificName, eventDate, decimalLatitude, basisOfRecord na wenzake. Tarehe mwaka kwanza, 1987-03-04, maana 4/3/87 mwingine anasoma Aprili. Ukifanya hivyo siku ya kuhamia databesi yoyote ni kazi ndogo. Na kila kielelezo kipewe namba yake ya kudumu, kikipotea namba isipewe kingine.

koi_650

Kwa wadudu wasiotambulika kwa macho kuna msimbo wa DNA, kwa wanyama kinachosomwa ni kipande cha jeni ya COI kama besi 650 hivi, unalinganisha na mifuatano iliyohifadhiwa kwenye databesi ya BOLD au kwa zana ya BLAST ya NCBI. Kwa mimea COI haisaidii, wanatumia jeni za rbcL na matK. Ila usichukue jibu la juu kabisa ukafunga, aliyeapulodi ule mfuatano naye huenda alikosea kutambua. Angalia kama majibu mengi ya juu yanasema spishi moja na kama yana kielelezo kilichohifadhiwa mahali.

nyasi_na_wadudu

Asanteni sana wakuu, mmenifungua macho. Ile ya kuburuta nimeikagua na ipo, kuna mende wa mwandishi mmoja wana miaka inayopanda tu mpaka chini. Nimejaribu pia kipande cha orodha GBIF, mengi yamerudi EXACT (jina sawasawa), mengine FUZZY (tahajia inakaribiana tu) na mengine HIGHERRANK. Za FUZZY nazikubali tu au? Na zenye cf. katikati zimenichanganya.

mzee_wa_lebo

Usizikubali kwa mkupuo. Nyingi utakuta ni mwisho wa jina tu, alba na albus, hiyo ni jinsia ya jenasi haina shida. Lakini nyingine imekuvutia jina la spishi tofauti kabisa ambalo tahajia yake iko karibu, kwa hiyo pitia moja moja na mwandishi wa jina ukimtazama, mwandishi akigongana simama hapo hapo. HIGHERRANK maana yake imeishia jenasi au juu yake, ama tahajia imeharibika sana, ama jina halimo kwenye orodha yao, ama halikuwahi kuchapishwa mtu aliliandika kwenye lebo tu. Za mimea zitafute IPNI, faharasa ya majina ya mimea yaliyochapishwa.

Hizo cf. na aff. zitoe kwenye safu ya jina uziweke kwenye safu yake, Darwin Core inaiita identificationQualifier, kisha ulinganishe upya. Usizitupe tafadhali. Aliyeandika cf. alikuwa anasema inafanana na hii ila sina uhakika, aff. ni kwamba iko karibu na hii ila si yenyewe, na hao wenye cf. ndo wa kwanza kuwapelekea mtaalamu wa kundi lao.