Mtu na mwenzie hawasalimiani ila komunyo wanapokea wote, huu umoja wa Ekaristi ukoje?

mtoto_wa_kigango:
Tumsifu Yesu Kristu wapendwa. Jumuiya yetu imepasuka tangu mwaka jana, chanzo hela ya mchango wa ujenzi, mwenyekiti na mhazini hawaongei kabisa na kila mmoja ana watu wake. Sasa Jumapili ukiwacheki pale tunapotakiana amani huyu anageukia kulia yule kushoto, alafu muda si mrefu wote wapo kwenye foleni ya komunyo tena wamefuatana. Padri anahubiri Ekaristi ni kifungo cha umoja, mi naona foleni tu. Au kuna kitu sielewi?

Mama_Kwaya:
Milele amina. Kwetu ni kwaya mbili 😂 Na Mathayo 5 tunaisoma kila siku, uiache sadaka yako mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako. Sisi sadaka tunaiacha, tena kwenye bahasha, ndugu ndo tunampita getini.

katekista_mstaafu:
Mdogo wangu, ugomvi kwenye meza hiyo ni wa zamani. Soma 1 Wakorintho 11, Paulo anawafokea watu wa Korintho, wenye nacho wanakula mpaka wanalewa, wengine wanabaki na njaa. Na sura ya 10 ya barua hiyohiyo ndo kaandika mkate ni mmoja, hivyo sisi tulio wengi tu mwili mmoja. Hakusema mtakuwa mwili mmoja mkishapatana. Umoja unatoka kwenye mkate, sio kwenye tabia zetu, ndo maana anakuwa mkali hivyo, wanachana kitu walichokwisha kupewa.

Alafu kuna kitu nilikuwa nawaambia sana watoto wa kipaimara. Zamani pale Roma, siku ya Jumapili Papa alikuwa anatuma vipande vya mkate aliouweka wakfu mwenyewe, maakoliti, yaani wahudumu wa altare, wanavipeleka kwa mapadri wa makanisa mengine ya mjini. Papa Inosenti wa Kwanza anaeleza kwenye barua ya mwaka 416, kwamba mapadri wale wamebaki na waumini wao hawawezi kuja kusali nae, basi wasijione wametengwa nae. Siku hizi havipelekwi, ila jina la Papa na la askofu wetu linatajwa kila misa, na padri bado anamega kipande cha hostia anakitia kwenye kikombe mkiimba Mwanakondoo. Wengi hapo mnatafuta chenji ya sadaka ya pili.

niko_dubai:
Shikamoo katekista. Ila huku nasali na Wahindi wa Kerala, kwao jimbo kuu la Ernakulam-Angamaly waligombana kuhusu misa yenyewe, padri aangalie waumini au altare. Sinodi yao, yaani kikao cha maaskofu wao, 2021 ikasema nusu kwa nusu, mapadri kibao wakagoma, 2022 vurugu mpaka basilika ikafungwa. Na wote wanamtaja Papa huyohuyo. Sasa jina likitajwa linasaidia nini?

katekista_mstaafu:
Marahaba. Linasaidia kwamba wanagombana wakiwa ndani. Asiyemtaja tena hagombani na wewe, ameshaondoka.

mtoto_wa_kigango:
Hiyo ya bahasha imenichoma. Mama_Kwaya, kwenu nani alianza kumfata mwenzie? Huku kila mmoja anasubiri.

Mama_Kwaya:
Nani kakwambia tumepatana 😂